Wanatafuta nini kwenye udongo wangu?

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mutuini, Dagoretti, kwenye robo ekari niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Mwezi Novemba walikuja vijana wanne wa chuo kikuu wakaniomba ruhusa. Walifukia vikombe vya plastiki kati ya mistari ya sukuma wiki, wakasimamisha hema jeupe la wavu karibu na ua, wakachimba udongo na kuutia kwenye vifuko. Walisema wanatafiti bayoanuwai ya viumbe wasio na uti wa mgongo na vijiumbe. Jirani yangu anasema udongo wetu unauzwa ng'ambo. Mwanangu anasema ni pesa za umma zinazopotea kwa kuhesabu wadudu. Sasa wameomba kurudi wakati wa masika. Wanatafuta nini hasa, na je, niwaruhusu?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Asante kwa kuuliza kabla ya kufunga lango.

Nitaanza na neno la mwanao, maana ndilo linalonigusa zaidi. La jirani nalo lina jibu lake, nitalifikia.

Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi alionekana Afrika Magharibi akitokea bara la Amerika, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Kenya. Bila shaka umemwona, kama si kwako basi kwa jirani. Hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, akatafuna majani machanga yangali yamejikunja, na kuacha kinyesi kilicho kama unga wa msumeno. Watu walikimbilia dawa za kupulizia. Kumbe hapa Kenya kulikuwa na nyigu mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye watafiti walimpata wakishughulikia jambo lisilohusu mahindi hata kidogo. Walikuwa wakichunguza mchicha. Walikusanya viwavi waliokuwa wakila majani yake, wakawafuga maabara wakingoja wageuke nondo, na miilini mwa baadhi yao wakatoka nyigu badala ya nondo. Mama nyigu alikuwa ametaga ndani ya kiwavi, na mwanawe akamla kiwavi yule kutoka ndani.

Nyigu huyo hakuwa na jina. Alipewa mwaka 2017, akaitwa Cotesia icipe, kwa heshima ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi, ambacho Profesa Thomas Risley Odhiambo alikianzisha mwaka 1970. Kisha watafiti wakaanza kuokota viwavijeshi vamizi kwenye mahindi ya Afrika Mashariki ili wajue ni nani anayewashambulia, na huko Ethiopia mshambuliaji aliyeongoza akawa yuleyule nyigu wa mchicha. Hakuna aliyelazimika kuanza upya kumsoma. Maelezo yake yalikwisha kuchapishwa, mishipa ya mabawa yake ikiwa imeonyeshwa, na yeyote mwenye hadubini aliweza kusema huyu ni fulani.

Mwanao angewatembelea wale wafugaji wa viwavi wa mchicha angewauliza vilevile: pesa hizi zote, kwa ajili ya vijinyigu? Na wao wasingekuwa na jibu la kumtosha, kwa sababu mhindi haukuwa kwenye mawazo yao. Hapo ndipo penye uzito wa jambo, Mwalimu. Kiumbe hutakiwa awe na jina kabla ya siku atakayohitajika. Siku hiyo ikishafika, na shamba linaliwa, hakuna mwenye nafasi ya kukaa miaka mitatu akimfananisha nyigu mmoja na mwingine.

Na wasio na majina ni wengi mno. Aina za wadudu zilizokwisha kuelezwa kisayansi duniani ni kama milioni 1, na makadirio yanayotumika sana yanasema zote pamoja zinafika milioni 5 na nusu. Yaani kwa kila aina tunayoitambua, zipo nne na zaidi ambazo hatujawahi kuziita chochote. Kadirio jingine, lililochapishwa mwaka 2023, linasema zaidi ya nusu ya spishi zote za dunia, asilimia 59, huishi udongoni. Tembo na simba tumeshawahesabu. Deni letu kubwa liko chini ya viatu vyetu.

Siku ukipata nafasi ya kwenda Makumbusho ya Taifa, fahamu kwamba nyuma ya vyumba vya maonyesho kuna vyumba vingine ambavyo wageni hawaoni, vyenye kabati baada ya kabati za wadudu waliochomwa sindano, kila mmoja na kijikaratasi cha mahali na tarehe. Ni mmoja wa mikusanyo mikubwa ya wadudu katika Afrika Mashariki. Humo nilijifunza subira. Kuna nzi mmoja wa Kenya, mwenye manyoya mengi na mabawa yaliyodumaa asiyeweza kuruka, ambaye mabuu yake hukua kwenye kinyesi cha popo. Alipatikana mwaka 1933 kwenye ufa wa jiwe kubwa la kilima cha Ukasi, upande wa barabara ya kwenda Garissa. Akaonekana tena mwaka 1948, kisha kimya. Watu walikwenda kumtafuta wakarudi mikono mitupu, hadi mwaka 2010 alipopatikana tena, palepale, kwenye ufa uleule. Miaka 62. Lau si kile kijikaratasi chenye jina la kilima, nani angejua pa kwenda?

Basi tuje kwako, kwenye sukuma wiki.

Vile vikombe hufukiwa hadi mdomo wake ulingane na uso wa udongo, kisha hutiwa maji yenye sabuni kidogo. Mdudu anayetembea usiku hafahamu kwamba ardhi imekatika. Hudondoka, na kwa sababu ya sabuni huzama badala ya kuelea. Humo huingia mbawakawa, buibui, siafu, jongoo na tandu. Wanafunzi wengi hukosea hapa, nami nilikosea: kikombe hakikuambii ni wangapi wanaoishi shambani, kinakuambia ni nani anayetembea sana. Konokono anaweza kujaa bustani nzima asiingie hata mmoja. Ndiyo maana hawakuleta mtego wa aina moja.

Lile hema linaitwa mtego wa Malaise, kwa jina la Mswidi René Malaise. Katika safari zake aligundua kwamba wadudu walioingia kwenye hema lake hawakutafuta mlango, walipanda juu wakajikusanya kwenye kona, na miaka ya 1930 akaunda hema la makusudi. Mdudu arukaye hugonga ukuta wa wavu, hupanda akifuata mwanga, na kileleni hungojewa na chupa ya spiriti. Usishangae wakikuonyesha chupa iliyojaa kitu kama majani ya chai yaliyolowa. Sehemu kubwa ni nzi wadogo na nyigu wadogo, na hayo ndiyo makundi yenye wasio na majina wengi kuliko yote. Ukinitaka nitaje mahali pa kumpata kiumbe mgeni kwa sayansi hapa Nairobi, sitakupeleka msituni kwanza. Nitafungua chupa ya hema lililosimama wiki moja karibu na ua.

Udongo waliuchukua mara mbili, labda hukugundua. Mara ya kwanza walikata pande la sentimita 25 kwa 25, kina 30, wakalipasua kwa mikono juu ya karatasi ya nailoni na kuokota kila kinachoonekana: nyungunyungu, mchwa, mabuu ya mbawakawa. Vipimo hivyo vilienea duniani kupitia mpango wa utafiti wa udongo wa nchi za joto, TSBF, uliokuwa na makao yake hapahapa Nairobi. Baadaye, kuanzia mwaka 2002, mradi mkubwa wa bayoanuwai ya chini ya ardhi uliohusisha nchi saba uliendeshwa kutoka jiji hili, na kwa Kenya walichimba Embu na Taita. Kwa hiyo anayechimba sentimita 30 huko Brazil na anayechimba Mutuini wanaweza kulinganisha hesabu zao. Udongo unaobaki huwekwa kwenye faneli chini ya balbu, kifaa kilichoanzia kwenye faneli ya joto aliyoibuni Mwitaliano Antonio Berlese mwaka 1905. Joto na ukavu huwasukuma viumbe wadogo washuke hadi watumbukie kwenye spiriti: utitiri wasiouma mtu, na vidudu vya kufyatuka kwa mkia uliokunjwa chini ya tumbo.

Mara ya pili, walivaa glovu, wakafuta kijiko kwa spiriti, wakachukua udongo kidogo sana na kuutia haraka kwenye boksi la barafu. Huo ni wa vijiumbe, yaani viumbe kama bakteria wasioonekana kwa macho. Glovu hazikuwa za kukwepa uchafu wa shamba lako, Mwalimu, zilikuwa za kulinda udongo wako usiingiwe na bakteria wa mikono yao. Barafu ni kwa sababu jamii ya bakteria hubadilika ikikaa kwenye joto; sampuli iliyozunguka nusu siku kwenye buti la gari haikuelezi tena hali ya shamba, inaeleza hali ya buti.

Gramu moja ya udongo mzuri, kiasi cha robo kijiko cha chai, ina bakteria mamia ya mamilioni, mara nyingine mabilioni. Zamani njia ya kuwajua ilikuwa kuwaotesha kwenye sahani ya maabara, na kwa kawaida wanaokubali kuota hawafiki hata mmoja kwa mia. Wengine hawataki chakula chetu, au hawaishi bila jirani fulani. Leo tunatoa DNA yote, yaani maandishi ya kurithi ya viumbe, iliyomo kwenye udongo kwa mkupuo mmoja na kusoma jeni moja, kipande cha maandishi hayo ambacho kila bakteria anacho, chenye herufi kama 1,500. Zinapotofautiana, tunajua ni viumbe tofauti. Kwa wadudu hutumika kipande kingine, cha herufi 658, ambacho Paul Hebert wa Kanada alikipendekeza mwaka 2003 kitumike kama alama ya utambulisho.

Lakini DNA bila jina ni kama namba ya simu isiyo na mwenyewe. Unaweza kuipata mara kumi usijue ni ya nani. Wapo wenzangu wanaodhani mashine zimemaliza kazi ya yule mzee wa makumbusho anayehesabu vinyweleo vya mguu wa nyigu. Sikubaliani nao. Mashine inasema huyu ni tofauti na yule. Mzee ndiye anayesema huyu hula nini, huishi wapi, na aliwahi kuonekana lini. Wazee hao wanapungua, na vijana wanaotaka kukaa kwenye kile kiti ni wachache kuliko wanaotaka kuendesha mashine. Jambo hili linaniumiza kuliko ninavyoweza kuandika.

Neno moja kuhusu vijikaratasi. Nikiwa mwanafunzi niliweka sampuli za miezi mitatu kutoka Msitu wa Karura kwenye chupa za spiriti, lebo zikiwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Spiriti ikauosha wino wote. Nilibaki na mamia ya wadudu wazima, safi, wasio na mahali wala tarehe. Ilinibidi kuanza upya. Ukiwaona wale vijana wanaandika kwa penseli kama watoto wa darasa la kwanza, ndiyo sababu.

Umeandika kwamba wanatafiti makundi mawili kwa pamoja, wadudu na vijiumbe, na huenda ukajiuliza yanahusiana vipi. Jibu liko kwenye kuta za nyumba yako kila msimu wa mvua. Yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, tunayemwita Nairobi fly, si nzi, ni mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo ndani ya damu yake, nawe hujipaka mwenyewe unapomponda shingoni usiku, na asubuhi ngozi ina mstari wa malengelenge kama umeungua. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 walijaa jijini, na zahanati zilipokea watu wengi wenye macho yaliyovimba.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa mdudu ndiye anayeitengeneza sumu hiyo. Siye. Mwaka 2002 mtafiti wa Ujerumani, Jörn Piel, alionyesha kwamba jeni za kuitengeneza ni za bakteria anayeishi ndani ya mdudu. Mama humrithisha bakteria huyo kupitia mayai, na mabuu yanayotoka kwenye mayai yenye sumu hukataliwa na buibui wawindaji. Jike asiye na bakteria huyo hawezi kuwapa wanawe kinga hiyo. Kwa hiyo ukimhesabu mdudu peke yake umehesabu nusu ya kiumbe. Kemikali za ukoo huohuo zilipatikana pia kwenye sponji za baharini, nako zikaonekana kutoka kwa bakteria, na watafiti wa saratani wamekuwa wakizisoma kwa sababu zinasimamisha seli zisijijenge. Zote hizi ni habari za kidudu cha ukutani. (Akitua mwilini mwako, mpulize au umtoe kwa karatasi, kisha osha kwa sabuni na maji. Shambani mwache, maana hula vidukari na mayai ya wadudu wanaokuharibia mboga.)

Ukishaliona hilo kwa mmoja, utaliona kila mahali. Vidukari wa sukuma wiki huishi kwa kunyonya utomvu ambao hauna protini ya kutosha, nao hutengenezewa kilichopungua na bakteria wanaoishi ndani ya seli zao. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hawawezi kusaga kuni peke yao. Hulima kuvu kwenye vyumba vya chini, wakailisha majani makavu, wakala kilichomea, na ule uyoga mtamu unaochipuka kwenye kichuguu baada ya mvua ni ua la shamba lao. Binadamu hadi leo hatujafaulu kuulima bila mchwa wenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa icipe na wenzao walichapisha habari za kijiumbe walichokiita Microsporidia MB, kinachoishi ndani ya mbu wa malaria hapa Kenya bila kumdhuru sana, na mbu mwenye nacho hashiki vimelea vya malaria. Mama mbu hukirithisha kwa watoto wake. Bado kuna kazi ya miaka kukigeuza kuwa kinga ya watu, lakini kilikuwa ndani ya mbu wetu muda wote huo, na kilipatikana kwa sababu mtu alipasua mbu wa kawaida akauliza ni nini kingine kimo humu.

Na kuna mfano ambao mwanao ataupima kwa pesa akitaka. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu inayotoa sumu hiyo imo kwenye udongo wa mashamba. Watafiti walipokusanya kuvu hiyo sehemu mbalimbali za nchi na kuipambanua, walikuta ndani ya spishi hiyohiyo moja kuna koo zisizotoa sumu kabisa. Kwa macho hazina tofauti. Walichagua nne za hapahapa Kenya, zikachanganywa na kubebwa na punje za mtama uliokaangwa, na mkulima huzimwaga shambani kabla mahindi hayajatoa nywele. Zinatangulia kukaa kwenye nafasi ambayo ile ya sumu ingeikalia. Hutengenezwa Katumani, Machakos, kwa jina la Aflasafe KE01. Hiyo si dawa iliyovumbuliwa. Ni tofauti iliyokuwepo tangu zamani, ikangoja mwenye kuitafuta.

Sasa jirani yako. Usimcheke, maana hofu yake haikutoka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijiumbe vilichukuliwa kwenye maziwa yetu ya magadi kwenye Bonde la Ufa, na vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaishia kwenye sabuni za kufulia na kwenye viwanda vya kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Mwaka 2004 shirika la wanyamapori, KWS, lilijitokeza hadharani kudai Kenya ipate fungu lake. Tangu hapo sheria zimekazwa. Kanuni za mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira zinamtaka anayechukua rasilimali za jeni awe na kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ridhaa ya wahusika. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitwika serikali jukumu la kulinda rasilimali hizo. Na mwaka 2014 Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya rasilimali hizo.

Hata hivyo nitakuambia jambo ambalo jirani hakulifikiria. Siku hizi si lazima udongo uvuke mpaka. Udongo unaweza kubaki Nairobi, DNA ikasomwa hapahapa, na herufi zake zikawekwa kwenye hazina ya data iliyo wazi kwa dunia nzima. Mtu aliye mbali akiona jeni inayomfaa, huiunda upya maabara kwake bila kukanyaga Dagoretti. Mataifa yamebishana juu ya hili kwa miaka, na mfuko wa kimataifa wa kupokea malipo ya aina hiyo, unaoitwa kwa jina la mji wa Cali, Kolombia, ulizinduliwa Februari 2025. Mimi naunga mkono data kuwa wazi, kwa sababu bila hiyo yule nyigu wa mchicha asingetambulika Ethiopia. Lakini wazi haina maana ya bure kwa mwenye kiwanda, na mwenye shamba ana haki ya kujua herufi za udongo wake zimewekwa wapi.

Kwa hiyo, niwaruhusu? Ndiyo, ningekuwa wewe ningewaruhusu, na ningewauliza mambo kwanza. Waonyeshe kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chenye jina la kiongozi wao na tarehe ambayo haijapita. Waseme kama sampuli yoyote itatoka nchini, na waonyeshe cha NEMA, au waeleze kwa nini hawakihitaji. Waandike, kwa mkono wao na kwa lugha unayoisoma, watakachofanya na siku watakayorudi kukuambia walichokipata. Kijana mwenye nia njema hataudhika. Akiudhika, umepata jibu lako.

Lile la kurudi na majibu naliweka zito makusudi. Nikiwa bado mwanafunzi nilikuwa kwenye kundi lililochimba mashamba ya watu zaidi ya ishirini. Tulikunywa chai yao, tukaahidi kurudi, fedha za mradi zikaisha, na hatukurudi. Makala ilichapishwa, majina yetu yakapanda, na hakuna mkulima hata mmoja aliyeambiwa kwamba shamba lake lilikuwa na nyungunyungu mara tatu ya lile la jirani. Baada ya miaka nilikwenda kwa wale niliowakumbuka. Mama mmoja aliniambia alikuwa ameshaanza kumwaga dawa ya mchwa kila msimu, kwa sababu alidhani tulichimba kwa kuwa udongo wake ulikuwa na ugonjwa. Wale nyungunyungu aliokuwa nao hawakuwepo tena.

Na kwa nini wanataka masika? Novemba ni vuli, na picha moja haitoshi. Siafu na jongoo wanaotembea mvua ikinyesha si wale wa kiangazi, na bakteria wa udongo uliolowa si wa udongo uliokauka. Tena, shamba lako lina thamani ambayo huenda hawakukueleza. Dagoretti ni miongoni mwa sehemu za jiji ambako bado kuna vishamba vya watu kwenye udongo ule mwekundu, wenye kina kirefu, na kila mwaka vingine vinageuka kuwa nyumba za kupangisha. Karura ina ulinzi wake, na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi imekuwa hifadhi tangu mwaka 1946. Robo ekari yako haina kinga kama hiyo, na bado inalisha watu na pengine ina nyigu wasiokuwamo Karura. Kinachopatikana kwako ndicho kitakachosema mji unapoteza nini unapojifunika saruji, na nani anavumilia.

Huna haja ya kuwangoja. Mvua ikishanyesha siku tatu nne, asubuhi mapema, chukua jembe na rula ya darasani. Pima sentimita 25 kila upande, mahali ulipotia samadi, ukachimbe hadi 30. Mwaga udongo juu ya gunia jeupe, upasue taratibu, na uhesabu nyungunyungu, mabuu, mchwa, jongoo, kila kundi kwa mstari wake. Kisha uwarudishe na uwafunike. Fanya hivyohivyo mahali ambapo hukutia samadi. Andika tarehe, mahali, na kama mvua ilinyesha usiku. Kwa penseli. Wakibisha hodi wakati wa masika, watolee daftari hilo kwanza, uwasikilize watakavyolisoma, ndipo uamue kuhusu lango.